Kugandisha Mbegu za Mimea ya Asili

Ni amali ya kuhifadhi mbegu kwa miongo, na pengine karne, kwa kuzikausha kwanza na kisha kuzitia katika baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Ukavu hauna budi kuitangulia baridi, kwa kuwa maji yaliyosalia ndani ya mbegu hugeuka barafu na kuziharibu seli zake; basi aghalabu mbegu huwekwa katika chumba cha nyuzi 15 chenye unyevu wa hewa wa asilimia 15, zikafungwa katika pakiti za alumini zisizopitisha hewa, na kila baada ya miaka kadhaa hutolewa zikaoteshwa, ili ijulikane kama zingali hai.

Nchini Uganda benki ya taifa ya mbegu imo katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoasisiwa mwaka 1898. Huko Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako miti hukatwa kwa kuni na makaa, mgunga una bahati yake: mbegu zake zenye ganda gumu huvumilia ukavu na baridi, kadhalika mtama na ulezi. Buni ya robusta, ijapokuwa ni mwenyeji wa misitu ya Uganda, haistahimili baridi hiyo. Na matoke, ambayo kwa desturi hayana mbegu, hayahifadhiki kwa njia hiyo, bali hutunzwa pengine yakiwa migomba hai shambani, kama ifanywavyo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mbarara, ambako ukame na mnyauko ni mahasimu wasiokwisha.