Ratiba ya Liemba na Kituo cha Kabwe

Mwaka 1927 Waingereza waliirudisha safarini, kwa jina la Liemba, meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe mwaka 1916. Tangu hapo biashara ya mwambao wa Ufipa ilifungamana na ratiba ya meli hiyo, yaani mpangilio wa siku na vituo ulioandaliwa na mamlaka ya reli kutokea Kigoma, ambako reli ya kati hukutana na Ziwa Tanganyika.

Katika utaratibu uliozoeleka miaka ya baadaye, Liemba iling'oa nanga Kigoma Jumatano jioni, ikafika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi, na kurejea Kigoma Jumapili. Njiani kulikuwa na Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Wampembe, Kasanga na vituo vingine, ambavyo vingi, Kabwe ikiwamo, havikuwa na gati, yaani jukwaa la kuegeshea meli. Kwa hiyo meli ilisimama mbali na ufuko ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka ikigombea nafasi ubavuni. Abiria wakavutwa mikono kupanda, watoto wakitangulizwa, huku viroba vya dagaa wakavu vikipakiwa na bidhaa za dukani zikiteremshwa, pengine usiku wa manane kwa mwanga wa taa za meli. Kila upakiaji uliochelewa uliwacheleweshea watu wa kituo kilichofuata, na ndiyo maana kwa wakazi wa mwambao siku ya meli ilikuwa na uzito zaidi kuliko saa yake: aliyeteremsha mahindi kutoka uwanda wa juu alihitaji kujua kwanza ni siku gani awe ufukoni.

Mpangilio huo uliwahi kuwekwa kando kwa sababu za haki kabisa, kama mwaka 1997, meli ilipowarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, na Mei 2015, ilipowatoa Kagunga, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Burundi, maelfu ya wakimbizi Warundi. Hata hivyo gharama ya ukarimu huo iliwaangukia pia wavuvi na wachuuzi wa kusini, jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ilipoijengea Kabwe gati, Liemba ilikuwa tayari imesimama ikisubiri matengenezo makubwa, na shehena ya mwambao ikaendelea kutegemea maboti ya mbao, ambayo huondoka mzigo unapojaa.