Kutoka Kipande cha Sakafu hadi Kishindilio cha Hewa: Historia ya Lugha ya Matunzo katika Viwanda vya Kusubu

Ikisiri
Makala hii inafuatilia historia ya zana moja ya kiwandani, yaani kishindilio cha mchanga kinachoendeshwa kwa hewa iliyoshinikizwa, pamoja na historia ya maneno yaliyohitajika ili zana hiyo itunzwe. Inaonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na msamiati kamili wa kushindilia kabla ya zana hiyo kubuniwa. Mfumo wa kazi wa kikoloni uliitenga lugha ya mfanyakazi na maarifa ya matunzo, na usanifishaji wa istilahi baada ya uhuru haukuliziba pengo hilo. Makala inapendekeza kwamba uundaji wa istilahi za kiufundi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze na vitenzi vya matunzo.

1.0 Utangulizi
Katika kiwanda cha kusubu, chuma kilichoyeyuka humiminwa ndani ya kalibu ya mchanga. Mchanga huo huchanganywa na udongo unaonata na maji kidogo, kisha hushindiliwa kuzunguka kielelezo cha mbao au cha metali. Kielelezo kinapoondolewa, hubaki uwazi wenye umbo la kitu kinachotakiwa, iwe kifuniko cha pampu au kipuri cha mashine ya kusaga nafaka. Mchanga ulioshindiliwa kidogo husukumwa na uzito wa chuma, kalibu ikavimba na kitu kikatoka na umbo lisilo sahihi. Ulioshindiliwa kupita kiasi huzuia mvuke na gesi kutoka, na chuma huganda kikiwa na matundu ndani. Ubora wa kazi nzima, basi, umo katika kipimo cha pigo.

Kishindilio cha hewa ndicho chenye kutoa pigo hilo katika viwanda vingi. Kwa umbo ni silinda ndefu yenye pistoni. Vali huipeleka hewa juu ya pistoni, kisha chini yake, na fimbo ya pistoni hupanda na kushuka ikiwa na kichwa cha kushindilia mwishoni. Kichwa chembamba hutumika pembezoni mwa kasha na karibu na kielelezo. Kichwa bapa hutumika juu. Zana hii haina siri kubwa. Hata hivyo, hufanya kazi palepale penye adui wake, yaani mchanga. Uhai wake hutegemea vitendo vidogo vya kila siku, na vitendo hivyo hupokezanwa kwa maneno. Hoja ya makala hii ni kwamba historia ya matunzo ya mashine katika eneo letu haiwezi kueleweka bila kuuliza matunzo hayo yalisemwa kwa lugha gani, na nani aliruhusiwa kuyasikia.

2.0 Ushindiliaji kabla ya hewa
Waswahili hawakujifunza kushindilia kutoka viwandani. Katika miji ya mwambao, nyumba za mawe zilifunikwa kwa dari nzito za chokaa na kokoto za matumbawe, zilizoitwa sakafu. Dari hizo zilipigwa na kundi la watu kwa siku kadhaa, aghalabu kwa kufuata mdundo wa nyimbo, hadi zikashikamana. Kifaa cha mbao kilichotumika kupigia kiliitwa kipande, na kamusi za zamani za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo. Vivyo hivyo, bunduki za gobore zilizojazwa kwa mdomo zilikuwa na mdeki, ufito wa kushindilia baruti. Majumbani, mchi na kinu vilifundisha watoto kwamba pigo lina uzito na mwendo wake.

Jambo la kuzingatia hapa si wingi wa majina, bali ukamilifu wa mfumo. Kitendo (kushindilia, kupiga, kutwanga), zana (kipande, mdeki, mchi), zao na kasoro zake (ufa, kuvuja, kulika) vyote vilitajwa katika lugha moja. Aliyepiga sakafu ndiye aliyejua dalili za sakafu isiyopigwa vyema, na aliweza kumweleza mwanafunzi wake bila mkalimani.

Neno kipande lina historia nyingine inayogusa mada yetu. Nchini Kenya, kufuatia sheria ya usajili ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, neno hilo lilipata umaarufu kama jina la cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, mara nyingi ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Hivyo jina ambalo mwambao ulilitumia kwa zana ya fundi lilivuma barani kwa maana ya hati ya kumdhibiti kibarua. Maana ya kwanza ilififia pamoja na kazi yenyewe ya kupiga sakafu.

3.0 Hewa yaingia kazini
Matumizi makubwa ya hewa iliyoshinikizwa yalithibitishwa katika uchimbaji wa njia ya reli chini ya milima ya Alps, baina ya Ufaransa na Italia, kati ya 1857 na 1871. Huko mhandisi Germain Sommeiller alitumia mashine za kutobolea miamba kwa nguvu za hewa. Mwaka 1893, katika maonyesho ya dunia ya Chicago, Charles Brady King wa Detroit alionyesha nyundo ya hewa. Kanuni ileile ya pistoni na vali ikahamishiwa kwenye kukata mawe, kupiga ribiti na kushindilia mchanga. Kazi iliyomchosha mshindiliaji wa mkono kwa saa nyingi sasa iliweza kufanywa kwa muda mfupi zaidi.

Nguvu hiyo ilikuja na gharama yake. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alichunguza wakata mawe wa Bedford, Indiana, nchini Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Aliwakuta na vidole vilivyokufa ganzi na kugeuka vyeupe wakati wa baridi. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani liliitisha mkutano Johannesburg kuhusu silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vumbi la silika. Viwanda vya kusubu vinahusika na hatari zote mbili. Kishindilio hutikisa mikono, na hewa inayotoka humo hurusha vumbi la mchanga. Zana iliyochakaa huzidisha madhara: pigo likipungua, mtumiaji hukaza mikono na kuikandamiza kwa nguvu, naye hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi ili apate kalibu ileile. Matunzo ni suala la uchumi, na pia ni suala la mwili wa mfanyakazi.

4.0 Karakana za kikoloni na mgawanyo wa maarifa
Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nairobi ikawa makao ya karakana kuu ya reli, ambayo ilikuwa na sehemu yake ya kusubu. Ngazi za kazi zilifuata rangi: Wazungu walisimamia, mafundi wengi walitoka Bara Hindi, na Waafrika wengi waliwekwa kwenye kazi za nguvu. Kila ngazi ilikuwa na lugha yake. Maelekezo ya watengenezaji wa mashine yalikuwa katika Kiingereza. Mafundi walizungumza wao kwa wao kwa lugha zao. Kiswahili kilitumika kushuka ngazi, nacho kilifika chini kikiwa kimepunguzwa hadi amri: lete, beba, piga, ngoja.

Hali ya Katanga ilifanana kwa kiasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville ukaanzishwa mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Johannes Fabian, katika utafiti wake kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni nchini Kongo, ameonyesha jinsi lugha hii ilivyokuwa chombo cha kuongozea kazi huko, huku Kifaransa kikibaki lugha ya mamlaka. Karakana za Nairobi na za Katanga zilikuwa chini ya dola mbili tofauti, lakini zililiweka tabaka moja la wasemaji wa Kiswahili mahali pamoja: karibu na mashine, mbali na kitabu chake.

Matokeo yake kiisimu yanaonekana katika aina ya maneno yaliyokopwa. Nomino za vitu vinavyoshikwa ziliingia kwa urahisi: spana, bolti, nati, silinda, pistoni. Kibarua aliyetumwa kuleta spana alihitaji jina lake. Hakuhitaji, kwa mtazamo wa msimamizi, kujua kwa nini nati ile hulegea.

5.0 Matunzo yenyewe
Ili hoja isibaki hewani, ni vyema kuyataja matunzo ya kishindilio kwa utaratibu wake. Yote yanasemeka kwa Kiswahili cha kawaida.

Kabla ya kazi, hozi hupulizwa kwanza ikiwa imeelekezwa mbali na watu, ili uchafu uliomo usiingie kwenye vali. Maji hufunguliwa na kumwagwa kutoka kwenye tangi la kompresa na sehemu za chini za bomba. Hewa iliyoshinikizwa ikipoa huacha maji, na maji hayo huosha mafuta na kuleta kutu. Katika miji yenye unyevunyevu kama Mombasa na Dar es Salaam jambo hili lina uzito zaidi. Kisha mafuta mepesi hutiwa kupitia tundu la kuingizia hewa, kidogo kidogo na kwa vipindi. Yakikosekana, pistoni husagika. Yakizidi, hurushwa pamoja na hewa hadi kwenye mchanga, yakaungua wakati wa kumimina na kuongeza gesi ndani ya kalibu.

Wakati wa kazi, fimbo ya pistoni hufutwa, na sili inayoizunguka hukaguliwa, kwa kuwa ndiyo lango la mchanga. Kichwa cha kushindilia hukazwa. Zana haiachwi ipige hewani bila mchanga chini yake, kwa sababu pigo lisilo na mahali pa kuishia hurudi na kuumiza sehemu za ndani. Baada ya kazi hutundikwa, hailazwi mchangani.

Inapobidi kufunguliwa, hufungwa hewa kwanza, na hewa iliyobaki katika hozi huachwa itoke. Nje husafishwa kabla ya ndani. Silinda haibanwi kwenye jiriwa kwa nguvu, maana huweza kupinda kidogo na pistoni ikakwama. Vipande huoshwa kwa mafuta ya taa mbali na tanuri, hukaguliwa mikwaruzo, sili zilizochakaa hubadilishwa, mafuta mapya hupakwa, kisha zana hujaribiwa kwa hewa ndogo kabla ya kurudishwa kwenye hewa ya kazi, ambayo kwa kawaida ni takriban bar 6.

Msomaji ataona kwamba mzigo wa maelezo haya umebebwa na vitenzi: kupuliza, kumwaga, kutia, kufuta, kukaza, kutundika, kufungua, kuosha, kukagua, kujaribu. Aidha, umebebwa na viunganishi vya sababu: kwa kuwa, maana, ili. Amri peke yake hufundisha kitendo. Sababu humfundisha mtu kuhukumu kitendo hicho kinapobadilika. Sehemu hiyo ya sababu ndiyo ambayo lugha ya karakana ya kikoloni haikumpa mfanyakazi.

6.0 Baada ya uhuru
Taasisi za Kiswahili zilifanya kazi kubwa. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilizaa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. TUKI ikarithi jukumu hilo mwaka 1964, BAKITA ikaundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 ikatoka kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Hata hivyo, kazi hizi zililenga zaidi darasa na ofisi. Fizikia ilipata neno la kanieneo. Karakana haikupata kadi ya Kiswahili ya kuning'iniza kando ya kompresa.

Kwa upande mwingine, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuligawa shirika la reli. Mara nyingi gharama ya mgawanyo huo huhesabiwa kwa injini na mabehewa. Inafaa pia kuhesabiwa kwa maarifa. Pale ambapo matunzo hayakuandikwa kwa lugha ya watunzaji, yaliishi vichwani mwao, na kila fundi aliyehamishwa au kustaafu aliondoka nayo. Mashine inaweza kugawanywa kwa hati. Maarifa yasiyoandikwa hayagawanyiki hivyo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo
Mazingira ya leo yanatoa nafasi mpya. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Lubumbashi zimo katika mjadala mmoja wa lugha. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, istilahi za ufundi zikusanywe kwa kufuata utaratibu wa kazi, kuanzia kitenzi na kasoro, badala ya kufuata alfabeti ya nomino za Kiingereza au Kifaransa. Pili, taasisi za umma zinaponunua mashine ziweke katika mkataba sharti la kadi ya matunzo kwa Kiswahili, iliyopitiwa na fundi anayeitumia zana hiyo pamoja na mtaalamu wa lugha. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine. Tatu, maneno ya zamani ya ufundi yapimwe upya kabla ya kubuni mapya. Kushindilia, kusubu, kalibu na mdeki ni maneno yenye maana barabara, na neno kishindilio linaundwa kutokana na kitenzi ambacho kila msemaji anakijua.

Mwenye kushika kishindilio leo anastahili kuambiwa kwa nini hozi hupulizwa kwanza, kwa lugha anayoitumia kumweleza mwenzake. Mpaka hapo, viwanda vyetu vitaendelea kununua zana nzima kwa sababu ya sili moja iliyopuuzwa.