Swichi ya tochi ya mfukoni

Swichi ya tochi ya mfukoni ni sehemu inayounganisha na kukata mkondo wa umeme kati ya betri na taa. Kwenye tochi ndogo zinazokaa mfukoni, shingoni au pamoja na funguo, aina mbili ndizo zinazoshindana. Ya kwanza ni ya kuzungusha, ambapo mtumiaji hukaza kichwa au mkia wa tochi ili iwake. Ya pili ni ya kubonyeza, ambapo kazi hiyo hufanywa na kitufe kilichofunikwa kwa mpira. Swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, iliyozoeleka kwenye tochi za bati, ingali ipo lakini imebaki zaidi kwenye tochi kubwa za bei nafuu. Swichi ndiyo huamua urefu wa tochi, jinsi inavyozuia maji, kama itawashwa kwa mkono mmoja au miwili, na ugonjwa utakaoipata ikishazeeka.

Historia

Tochi ya bomba ilipewa hataza ya Marekani nambari 617,592 tarehe 10 Januari 1899. Mvumbuzi wake alikuwa David Misell, Mwingereza aliyeishi New York, na haki zake zilikwenda kwa kampuni ya Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Minsk. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Ever Ready. Tochi ya Misell ilikuwa bomba la karatasi ngumu lenye betri zilizopangwa mstari mmoja, na balbu pamoja na kiakisi cha shaba mwishoni. Betri za siku hizo zilikuwa dhaifu, na balbu za uzi wa kaboni zilikula umeme kupita kiasi, hivyo mwanga ulitumiwa kwa muda mfupi kisha betri zikapumzishwa. Swichi ilifuata hali hiyo: mtumiaji alibana kipande cha chuma mpaka kiguse kingine, na akikiachia taa huzimika.

Balbu za tangsteni zilipoenea katika miaka ya 1910, na betri zilipoboreka, watu walianza kutaka tochi inayobaki imewaka. Ndipo swichi ya kusukuma iliposhika nafasi na kuitawala kwa miongo mingi. Ukanda mwembamba wa chuma ulipita ndani ya bomba, na kidude cha nje kiliusogeza ukaguse kichwa. Mara nyingi palikuwa na kitufe kidogo pembeni cha kumulika na kuacha. Tochi ya jeshi la Marekani iitwayo MX-991/U, yenye kichwa kilichopinda, ilikuwa na kingo za kulinda swichi isijiwashe yenyewe na kitufe cha kutuma ishara za Morse.

Heshima ya swichi ya kuzungusha ilikuja mwaka 1984, ilipotoka Mini Maglite. Anthony Maglica, fundi mitambo aliyezaliwa New York na kukulia kwenye kisiwa cha Zlarin huko Croatia, alikuwa tayari amejipatia jina kwa Maglite kubwa ya mwaka 1979. Tochi hiyo kubwa ilikuwa na kitufe ubavuni, na kila kilipobonyezwa vigusio vya ndani vilijizungusha na kujisugua, hivyo vikajisafisha vyenyewe. Kwenye Mini Maglite, Maglica aliondoa kitufe kabisa. Kichwa kikizungushwa kidogo taa inawaka; kikiendelea kuzungushwa mwanga unakusanyika au kutawanyika; kikifunguliwa chote balbu inabaki wazi na kumulika pande zote, na kichwa chenyewe kinageuzwa kuwa kitako cha kusimamishia tochi. Ni mara chache kazi tatu zimewekwa kwa ustadi hivyo ndani ya mzunguko mmoja wa vidole.

Miaka hiyohiyo SureFire 6P ilichanganya njia zote mbili: mkia ukibonyezwa taa huwaka hadi uachiwe, ukizungushwa taa hubaki imewaka.

Mabadiliko makubwa ya mwisho yaliletwa na LED. Shuji Nakamura alionyesha LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993 akiwa na kampuni ya Nichia, na miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ikatoa LED nyeupe. Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi ya LED ya buluu. LED nyeupe huhitaji takriban volti 3, lakini saketi ndogo ya kupandisha volti huiwezesha kuwaka kwa betri moja ya volti 1.5. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikatokea tochi za betri moja ya AAA, kama Arc-AAA na baadaye Fenix E01, fupi kuliko kidole, na zote mbili huwashwa kwa kuzungusha kichwa.

Swichi ya kuzungusha

Katika muundo ulio wa kawaida zaidi hakuna kifaa chochote kinachoweza kuitwa swichi. Bomba la alumini hupakwa tabaka gumu la oksidi, ambalo halipitishi umeme. Ukingo wa bomba huachwa bila tabaka hilo. Kichwa kikilegezwa, ukingo haugusi saketi na tochi imezimika. Kikikazwa, chuma kitupu hukutana na chuma kitupu na mkondo hupita. Hesi zinazoshikilia tochi pamoja ndizo zinazoiwasha.

Faida ya kwanza ni ufupi. Betri ya AAA ina urefu wa milimita 44.5. Olight i3E EOS, ambayo huzungushwa, ina urefu wa kama milimita 60 betri ikiwa ndani. Ndugu yake i3T EOS, yenye kitufe mkiani, inakaribia milimita 90. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni nafasi ya kitufe, springi yake na mpira wake. Katika mfuko wa shati tofauti hiyo huhisiwa kila siku.

Faida ya pili ni maji. Kitufe kinahitaji tundu kwenye mwili wa tochi, na tundu hilo huzibwa kwa mpira mwembamba unaokunjwa kila unapobonyezwa mpaka siku moja unapasuka. Tochi ya kuzungusha haina tundu hilo. Huwa na oringi (pete ya mpira) moja au mbili tu kwenye hesi.

Ya tatu, na kubwa kuliko zote, ni kwamba kuna vitu vichache vya kuharibika. Tochi ya namna hii ikianza kupepesa, sababu karibu daima ni uchafu kwenye hesi au ukingo wa bomba, na dawa yake ni kitambaa kikavu. Hahitajiki fundi wala kipuri.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Tochi nyingi za aina hii zinataka mikono miwili. Ndogo sana zinaweza kuzungushwa kwa kidole gumba na cha shahada huku vidole vingine vikishika bomba, lakini mikono yenye mafuta, jasho au utumbo wa samaki huteleza. Kumulika kwa nukta moja na kuacha ni kazi ngumu. Alumini ikisuguana na alumini hutoa unga mweusi unaoongeza ukinzani, na hesi zilizokatwa vibaya hulika. Tena, mtumiaji akilegeza kupita kiasi gizani, kichwa kinatoka na betri inaanguka. Anayelegeza kidogo mno naye ana hatari yake: tochi iliyosimama ukingoni mwa kuwaka inaweza kuwaka yenyewe ikibanwa mfukoni.

Swichi ya kubonyeza

Ziko za namna tatu, na wauzaji huzichanganya mara nyingi.

Ya kwanza hutoa mwanga kabla ya kuganda. Kidole kikibonyeza nusu, taa inawaka, kikiachia, inazimika, kikishindilia hadi mlio usikike, taa inabaki imewaka. Walinzi na askari huipendelea kwa sababu wanaweza kumulika mara moja na kurudi gizani. Ya pili ni kinyume chake: taa haiwaki hadi kitufe kigande na kuachiwa, na nusu ya kubonyeza hutumika kubadili ukali wa mwanga taa ikiwa tayari imewaka. Zote mbili zina ndani yake utaratibu wa kuganda na kuachia ulio sawa na wa kalamu ya kubonyeza, na mkondo wote wa taa hupita humo.

Ya tatu ni kitufe cha kielektroniki, kwa kawaida ubavuni. Hakibebi mkondo wa taa. Hupeleka ishara tu kwa chipu inayosimamia mwanga. Kwa kitufe kimoja mtumiaji hupata viwango vingi: abonyeze mara moja kuwasha, ashikilie kuongeza mwanga, abonyeze mara mbili kupata mwanga wa juu kabisa. Chipu hiyo hunyonya umeme kidogo hata tochi ikiwa imezimwa. Kwa tochi inayotumika kila siku hilo halina uzito. Kwa tochi iliyowekwa kabatini kungoja umeme ukatike, ni kasoro inayostahili kuogopwa.

Hatari kubwa ya kitufe ni kujiwasha. Tochi za kisasa za betri ya lithiamu hutoa lumeni 1,000 na zaidi, na kichwa kilichogusana na kitambaa ndani ya mfuko au begi huweza kukiunguza. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri mkia ulegezwe kidogo wakati wa safari, ili mkondo ukatike. Yaani kitufe, kikitakiwa kuwa salama, huomba msaada wa hesi.

Ukinzani

Kila mahali chuma kinapogusana na chuma pana ukinzani. Kwenye tochi ya mkondo wa ampea 0.5, ukinzani wa omu 0.3 hupoteza volti 0.15, yaani sehemu ya kumi ya betri ya volti 1.5. Kwenye tochi ya ampea 3, omu 0.1 tu hupoteza wati 0.9, na joto hilo hutokea palepale swichini. Springi nyembamba na vitufe vya bei rahisi huanza kushindwa hapo.

Kuchagua

Muuguzi anayeangalia mboni za mgonjwa huinua kope kwa mkono mmoja na kumulika kwa mwingine. Kwake kitufe hakina mbadala, na ndiyo maana tochi nyingi za kalamu huwashwa kwa kubana kishikizo chake cha mfukoni. Mtu mwenye maumivu ya viungo vya vidole naye hupata nafuu kwa kitufe kilaini. Vivyo hivyo kwa aliyevaa glavu nene, mradi kitufe kiwe kikubwa na kitokeze.

Kwa tochi ya kuambatana na funguo, ya akiba ndani ya gari, ya kumpa mtoto anayekwenda bweni, au ya kukaa miezi bila kuguswa, ya kuzungusha ni bora waziwazi. Ikilegezwa vya kutosha haijiwashi kwa kubonyezwa na vitu vingine, haina chipu ya kunyonya betri muda wote, na aliyeinunua anaweza kuitengeneza. Inastahili umaarufu mkubwa kuliko ilionao madukani, ambako mlio wa kitufe humvutia mnunuzi kabla hajauliza lolote.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue tochi na kuangalia hesi: ziwe zimekatwa vizuri, zizunguke bila kukwaruza, na ziwe na oringi. Ikiwa ni ya kitufe, aibonyeze mara nyingi mfululizo na kuangalia kama mwanga unatikisika.

Utunzaji

Hesi hufutwa kwa kitambaa na kupakwa grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini hayafai, kwa kuwa hufanya oringi za aina fulani za mpira kuvimba. Ukingo mtupu wa bomba usipakwe grisi.

Tochi ya kitufe mkiani isipowaka na betri ni nzima, mkia hufunguliwa, kisha kipande cha waya huunganisha upande hasi wa betri na ukingo wa bomba. Taa ikiwaka, ugonjwa uko mkiani. Mara nyingi ni ringi inayoshikilia swichi iliyolegea. Hukazwa kwa ncha za koleo nyembamba au kibanio cha nyusi, na tochi inapona.

Betri za alkalaini zilizoisha zitolewe. Majimaji yake, potasiamu hidroksidi, hula alumini na kufunga hesi kabisa.

Tochi za wapiga mbizi

Shinikizo la maji huongezeka kwa takriban angahewa moja kila mita 10. Tochi za kuzungusha hutumika, lakini hazipaswi kulegezwa zaidi ya kiasi zikiwa majini. Nyingine hutumia swichi ya sumaku isiyopenya mwili wa tochi.

Viwango

Kiwango cha Marekani cha ANSI/NEMA FL 1 cha mwaka 2009 hupima kiasi cha mwanga, umbali, muda wa kuwaka, kuanguka na kuingia maji. Uimara wa swichi haumo katika vipimo hivyo.

Afrika Mashariki

Tochi ya bati ya mawe mawili au matatu, yenye swichi ya kusukuma, ndiyo iliyoenea zaidi vijijini kwa muda mrefu, zikiwemo za Tiger Head kutoka China. Betri zilitengenezwa Dar es Salaam na Nakuru. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Baada ya Nokia 1100 kutoka mwaka 2003, simu ndogo yenye taa, inayoitwa kitochi Tanzania na mulika mwizi Kenya, ilichukua sehemu ya kazi hiyo. Taa ya simu hizo huwashwa kwa kitufe.