Morogoro, Mji Kasoro Bahari

Basi la Mbeya likiingia stendi ya Msamvu, wachuuzi hulizunguka kabla halijasimama vizuri: karanga, maji ya chupa, machungwa yaliyomenywa, chaja za simu. Abiria hununua kupitia dirishani, basi likapiga honi, likaondoka. Kwa Watanzania wengi, Morogoro ndiyo hiyo. Wametoka Dar es Salaam, kilomita 190 hivi upande wa mashariki, wanawahi ofisi za serikali Dodoma, au ndugu walioko Iringa. Watalii wa kigeni ndio kabisa. Fukwe za Zanzibar wameziacha nyuma, tembo wa Mikumi wako mbele, na huu wa katikati kwao ni mji wa kuchimba dawa tu.

Wenyeji hawana kinyongo. Siku nyingi wameuita mji wao "mji kasoro bahari". Embe zipo, mito ya kuoga ipo, mabaa yenye muziki hayajawahi kukosekana, na Kiswahili ni kilekile cha pwani. Bahari tu ndiyo haikufika. Badala yake upo mlima. Kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, kinauangalia mji kutoka juu, na mawingu yakishakikalia asubuhi, watu wa Kihonda na Bigwa wanajua kwamba mchana utakuwa na ubaridi.

Lakini pwani iliwahi kufika hapa zamani sana. Katikati ya karne ya 19, Kisabengo, kiongozi wa Kizigua, alijenga ngome chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipata maji na chakula kabla ya kukabili tope la mbuga ya Mkata. Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alikuta mji wenye ukuta, minara minne ya mawe kwenye pembe, na malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia. Milango yenyewe ilikuwa ya mbao ngumu, imetiwa nakshi za Kiarabu ambazo mtu angetarajia kuziona Bagamoyo au Unguja. Alikadiria kwamba wakazi walikuwa kati ya 3,000 na 5,000. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na aliyeshika utawala alikuwa binti yake, Simbamwene. Wenye misafara walidaiwa hongo ndipo wapite.

Mwaka uliofuata, Stanley alipokuwa akirudi pwani, hali ilikuwa nyingine. Mto Ngerengere, unaotoka Uluguru, ulikuwa umefurika, ukauzoa ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Mlima ulioulisha mji ndio ulioubomoa.

Baada ya misafara wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo, kisha serikali ya Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907. Hapo mashamba ya mkonge yakatanda kwenye tambarare, na wazungu waliochoshwa na joto wakapata njia ya kupanda mlimani. Nyumba yao ya mapumziko, Morningside, ingali imesimama ubavuni mwa Uluguru, kuta zake zimechakaa, na kuizunguka kuna bustani za mboga. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia mjini Agosti 26, 1916, yakakuta kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake wameshateleza kuelekea kusini kupitia milima hiyohiyo.

Waliokuja kuupa mji sauti yake ni wanamuziki. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walikuwa wakipiga rumba iliyofundishwa na santuri za Kuba. Ng'ambo ya pili walikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyompata Mbaraka Mwinshehe mwaka 1964. Ushindani wa bendi hizo mbili uliufanya mji mdogo usikike Afrika Mashariki nzima. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, naye akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979.

Utulivu wa mji uliwafaa pia watu waliokuwa na mambo mazito. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walifanya hapa mkutano wao mkubwa kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Miaka michache baadaye serikali ya Tanzania iliwapa Mazimbu, shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Walipoondoka mwaka 1992 waliacha madarasa, mabweni na makaburi ya wenzao. Leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Wakati hayo yote yakitokea bondeni, mlimani mambo yaliendeshwa kwa utaratibu wake. Waluguru hurithi ardhi kupitia ukoo wa mama, na kwa vizazi vingi chifu Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kama mwenye mvua. Soko kuu la mji leo linaitwa kwa jina lake. Mvua hiyo si ya Waluguru peke yao. Mto Ruvu unapata maji yake Uluguru, nao ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Anayefungua bomba Ilala au Kinondoni, mara nyingi anafungua mlima huu.

Waingereza walilijua hilo. Mwaka 1950 walianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo Uluguru, wakawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa ngumu na isiyolipwa, na sehemu nyingi matuta yalifukua udongo usiozaa, mavuno yakapungua. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo wakasema basi. Umati ulikusanyika, polisi wakatumia nguvu, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa mwaka huohuo, na manung'uniko yake yakakipa chama cha TANU wafuasi milimani.

Nusu karne baadaye, matuta yalirudi kwa njia nyingine. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakalisha pamoja wakulima wa Kibungo Juu na watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, wakiwemo shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha Coca-Cola. Mkulima aliyechimba matuta, akapanda miti na kuacha kulima kando ya mto alilipwa fedha taslimu. Malipo yalikuwa madogo, na waliolipa walikuwa wachache kuliko wanaokunywa. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mji wa baharini ulikubali kwamba una deni mlimani.

Tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme inafika Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, na wikiendi vijana hushuka na mabegi mgongoni wakiulizia njia ya Morningside. Wakianza kupanda mapema, hukutana na akina mama wanaoshuka na matenga ya kabichi, karoti na stroberi kichwani, wanawahi soko. Njia ni nyembamba, na mgeni ndiye anayetakiwa kupisha. Baadhi ya mboga hizo zitalala mjini. Nyingine zitapakiwa usiku kwenda Dar es Salaam, zikiwatangulia wageni kurudi kwao.