Gia Zilizopotea za South Bend

Mashine ya kukereza vyuma ikishabadilisha mikono mara tatu au nne, kitu cha kwanza kupotea huwa ni gia zake za kubadilisha. Kitanda ni kizito, hakibebeki kirahisi. Kichwa kimekazwa kwa bolti. Gia hukaa pembeni, ndani ya kisanduku au zimetundikwa ukutani kwa msumari, na siku karakana inapohama hakuna anayekumbuka kuwa nazo ni viungo vya mashine. Miaka mingi baadaye mtu hulinunua lile chuma lenye kutu, akalisafisha kwa mapenzi yake yote, likazunguka vizuri kabisa, ila likawa haliwezi kukata nyuzi za bolti hata moja.

Upungufu huo si mdogo. Kabla ya mwaka 1800, bolti nyingi zilikatwa kwa mkono na jicho la fundi, na nati ya bolti hii ilikuwa haiingii kwenye bolti ile. Fundi wa London, Henry Maudslay, ndiye aliyejulikana zaidi kwa kuunganisha pamoja mambo matatu kwenye mashine moja ya chuma: kitanda imara, skrubu ndefu iliyokatwa kwa usahihi, na gia za kubadilishana zilizofunga mwendo wa skrubu hiyo na mwendo wa kipande kinachokerezwa. Ukibadilisha gia, unabadilisha ukubwa wa nyuzi. Mashine iliyopoteza gia zake imerudishwa nyuma ya Maudslay, hata kama ina mota ya umeme.

Katika mashine zote za zamani zinazofufuliwa leo, nadhani hakuna yenye historia iliyo wazi kwa mtafuta vipuri kuliko ya South Bend. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1906 katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, Marekani, na ndugu wawili pacha, John na Miles O'Brien. Walitaka kutengeneza mashine nzuri ambayo shule ya ufundi, gereji na karakana ya nyuma ya nyumba zingeweza kuimudu. Walitoa pia kitabu cha mafunzo, How to Run a Lathe, kilichochapwa tena na tena hadi toleo la 56 mwaka 1966. Vijana wengi walijifunza kukereza kwa kitabu hicho kabla hawajawahi kuigusa mashine yenyewe, na hata sasa sijaona kingine kinachoeleza kazi hii kwa lugha nyepesi na michoro safi kiasi hicho.

Mwaka 1934, Marekani ikiwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi, kiwanda kilitoa mashine ndogo ya inchi 9. Kipimo hicho ni kipenyo cha kipande kikubwa kabisa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda bila kugusa. Baadaye ikauzwa kwa modeli tatu, na tofauti zake ndizo zinazomwelekeza mrekebishaji wa leo. Modeli A ilikuwa na sanduku la gia: unasogeza mkono tu, nyuzi zinabadilika. Modeli B haikuwa na sanduku hilo, bali ilikuwa na mwendo wa kujiendesha wa kukata kuelekea katikati ya kipande. Modeli C, ya bei nafuu kuliko zote, ilikuja na rundo la gia za kupanga kwa mkono. Mwenye Modeli A ana wasiwasi mdogo, kwa kuwa gia zake zimefungiwa ndani. Mwenye B au C ndiye anayehangaika.

Vita Vikuu vya Pili viliacha alama yake pia. Mashine za miaka ile zilikuwa na kibati cha shaba kinachosema zimetimiza amri za bodi iliyosimamia uzalishaji wa vita, na nyingine zilitoka kiwandani bila kusuguliwa na kupendezeshwa nje, kwa sababu muda wa kung'arisha ulihitajika kwingine. Watu huziona leo wakadhani zimechakaa au zimetengenezwa hovyo. Sivyo. Sehemu zinazokata na kuongoza zilifanyiwa kazi kama kawaida, na kumkwangulia fundi wa mwaka 1943 alama hizo ili mashine ing'ae ni kufuta kumbukumbu.

Kiwanda chenyewe kilipita katika mikono mingi. Mwaka 1959 kilinunuliwa na kampuni ya Amsted. Mwaka 1975 wafanyakazi wakakinunua kupitia mfuko wa hisa, jambo lililozungumzwa sana Marekani, na mwaka 1980 wafanyakazi haohao wakagoma dhidi ya kampuni waliyoimiliki, kwa kuwa hisa hazikuwa zimewapa sauti ya kuamua. Mwaka 2009 jina la South Bend likanunuliwa na mwenye kampuni ya Grizzly. Katika kuhama kote huko kitu kimoja kilisalimika, nacho kina thamani kubwa: kadi za kiwanda.

Kila mashine iligongwa namba yake juu ya kitanda, upande wa mkia, kwenye sehemu ya mbele. Futa mafuta na rangi hapo kwa kitambaa na mafuta ya taa, usitumie msasa, namba itatokea. Kwa namba hiyo kadi huonyesha tarehe ambayo mashine ilisafirishwa, mteja wa kwanza na vifaa vilivyofungwa nayo. Mrekebishaji anajua hivyo kama mashine yake iliondoka na chaki, yaani kishikio cha kipande, ya taya tatu au nne, na kama ilikuwa na mkono wa kushikilia kipande kirefu. Anatafuta kilichokuwepo, hatafuti kwa kubahatisha.

Vipuri navyo vimetawanyika kuliko wengi wanavyodhani. Mashine ya inchi 9 iliigwa Adelaide, Australia, na kampuni ya Hercus, na Halifax, Uingereza, na kampuni ya Boxford. Vipuri vya Hercus vinakaribiana sana na vya Marekani. Boxford walibadilisha mambo zaidi, hasa ndani ya kichwa, ambamo mhimili wao, unaozungusha kipande, huzunguka juu ya beringi za roli, ilhali wa South Bend ya inchi 9 huzunguka moja kwa moja ndani ya chuma cha kusubu cha kichwa. Pima kwanza kabla ya kulipa.

Huo mhimili ndipo mahali pa kuwa mwangalifu kuliko pote. Mafuta hupandishwa na tambi za sufu iliyoshindiliwa, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta ya taa. Tambi zikikauka na kuwa ngumu, mhimili huzunguka mkavu, na mikwaruzo ya namna hiyo haifutiki kwa rangi mpya. Ukitaka kuuchomoa, lazima tambi zishikiliwe chini kwa waya, la sivyo zitaruka juu na kubanwa. Tambi mpya ni kipuri cha bei ndogo chenye faida kubwa mno.

Kinachofuata kwa kuvunjika ni meno ya gia za nyuma, zile zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu. Chaki ikikwama kwenye nyuzi za mhimili, mtu mwenye haraka hufunga gia hizo ili mhimili usizunguke, kisha huipiga chaki kwa nyundo. Nguvu yote huishia kwenye meno mawili au matatu. Mashine nyingi zimeharibiwa hivyo, na inauma kuona, kwa sababu ubao mgumu uliobanwa kati ya taya na mafuta ya kulegeza kutu yaliyoachwa usiku kucha vingetosha.

Gia iliyovunjika au kupotea inaweza kukatwa upya. Fundi mwenye mashine ya kusaga vyuma na kigawanyio anahitaji kujua mambo matatu: idadi ya meno, ukubwa wake, ambao kwa gia za kubadilisha za South Bend ya inchi 9 ni meno 18 kwa kila inchi ya kipenyo, na pembe ya meno, digrii 14.5. Gia nyingi za siku hizi ni za digrii 20. Zikichanganywa na za zamani zitazunguka, lakini kwa kelele na kwa kulana.

Kwetu Afrika Mashariki, tunaotumia milimita, ipo gia moja ya kutafutwa kwa bidii: ile ya meno 127, pamoja na mwenzake wa meno 100. Skrubu ndefu ya mashine hii ina nyuzi 8 kwa inchi. Inchi ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127 kamili. Kwa gia hiyo mashine ya Kimarekani ya kabla ya vita hukata bolti ya milimita bila kosa.

Mashine za zamani tunazo, katika karakana za reli, vyuo vya ufundi na misheni. Tanzania ilifika hatua ya kujenga kiwanda chake cha mashine hizi, Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kwa msaada wa Bulgaria. Lakini nyingi za zile za zamani zinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanaolipa kwa kilo. Kama wewe ni mkuu wa chuo au msimamizi wa karakana na unayo moja iliyofunikwa na turubai, kabla hujaita lori fungua makabati yote na masanduku yaliyo chini ya meza, kusanya kila gia utakayoikuta, hesabu meno yake, zifunge pamoja kwa waya na uzitundike kwenye mashine yenyewe. Kisha andika namba iliyogongwa kwenye kitanda, na umwite fundi aitazame.