Beni ya Majengo na Kumbukumbu za Vita Vikuu

Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi, ile iliyoitwa Delamere zama za ukoloni, wamesimama watu watatu wa shaba waliofinyangwa na mchonga sanamu Mwingereza James Alexander Stevenson na kusimamishwa mahali hapo mwaka 1928, na chini ya miguu yao yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili maneno ya taadhima kwa Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918. Ni kazi nzuri ya sanaa, na wapita njia wengi huitazama kwa heshima. Lakini atakayeuzunguka ukumbusho huo akitafuta jina la baba yake, au la mjomba, au la yeyote katika wale waliotolewa vijijini kwa kamba na kwa amri ya chifu wakaenda wasirudi, hatalipata, kwa kuwa hapana jina hata moja lililoandikwa.

Ukumbusho wa pili wa vita hivyo haukufuliwa kwa shaba. Ulipigwa kwa ngoma na tarumbeta, ukachezwa kwa gwaride mitaani na kusimuliwa barazani, na mojawapo ya makao yake ulikuwa ni mtaa wa Majengo, Pumwani, upande wa mashariki ya mji, ng'ambo ya Gikomba. Jina la ukumbusho huo ni beni. Walioandika habari zake zamani, wengi wao maofisa na mapadri, waliuona ni mchezo wa watu waliotaka kujifanya Wazungu, na kauli hiyo imedumu muda mrefu kuliko inavyostahili. Mimi naona kwamba wachezaji wa beni walikuwa wanatunza tarikhi, na kwamba waliitunza kwa uaminifu kuliko serikali iliyowapeleka vitani.

Majengo yenyewe ni mtoto wa zama zile zile. Kabla yake Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyoota kandokando ya mji bila idhini ya mtu, Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini, ambamo waliishi askari waliomaliza utumishi, wapagazi wa misafara, wachuuzi, mafundi, na wanawake waliokuja mjini kujitafutia riziki kwa juhudi zao wenyewe. Wakuu wa mji walitaka watu hao wakusanywe mahali pamoja, na kuanzia mwaka 1922 hivi viwanja vikagawanywa Pumwani, kila mwenye kiwanja akatakiwa kulipa kodi ya ardhi na kujijengea nyumba kwa fedha yake. Wakajenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa madebe yaliyofunuliwa na kunyooshwa, wakafuata ramani ya nyumba ya pwani, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na baraza mbele ya mlango. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, jambo ambalo katika Kenya ya siku zile halikuwa la kawaida. Ndani ya mtaa huo Mkikuyu, Mkamba, Mnandi, Mganda, Mmanyema na Mdigo waliswali safu moja na kuzikana kwa sanda moja, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto wao. Pangani iliendelea kuwako mpaka ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo, mtaa wa jirani.

Sasa natutazame vita walivyotoka navyo watu hao. Vilianza kwa aibu ya Waingereza huko Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, ambapo jeshi lililoletwa kwa merikebu kutoka India lilifukuzwa ufukweni na askari wachache wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki wa mashambani nao wakashuka juu ya wapiganaji, kisa ambacho simulizi ya watu haikukiacha hata leo. Vikaendelea miaka minne, kutoka Kilimanjaro hadi bonde la Rufiji, kutoka Rufiji hadi Mahiwa karibu na Lindi, ambako katika Oktoba 1917 watu walichinjana siku nne mfululizo, halafu vikavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, visikome mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia.

Nchi hizo hazikuwa na barabara za magari, na mbung'o waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Ndipo kikaundwa kikosi cha wapagazi, Kariokor, chini ya Oscar Watkins, na mwaka 1917 serikali ya kikoloni ikafanya msako mkubwa wa vijana wilayani. Kwa upande wa Waingereza peke yao wapagazi walipita laki nne katika muda wa vita. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi elfu arobaini, na wataalamu waliochunguza baadaye wanaikadiria idadi hiyo kuwa karibu na laki moja. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, kwa unga mbovu uliosagwa vibaya ukapikwa haraka bila kuiva. Waliuawa na homa ya mapafu katika mvua za Rufiji za mwaka 1917, wakilala majini bila blanketi. Na mishahara ya wale ambao jamaa zao hawakutafutwa ilibaki katika mikono ya serikali, ingawa Watkins mwenyewe aliidai kwa miaka. Kambi yao ya Nairobi iliacha jina lake kwa mtaa wa Kariokor, mwendo mfupi kutoka Pumwani, kama ile ya Dar es Salaam ilivyoacha jina kwa Kariakoo.

Beni ilikuwapo kabla ya vita. Ilizaliwa katika miji ya Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, pale ambapo desturi kongwe ya mitaa kushindana kwa ngoma na karamu ilikutana na matarumbeta ya kijeshi, yakiwamo yale waliyofundishwa watumwa waliokombolewa katika kijiji cha misheni cha Freretown. Ikashuka Tanga na Dar es Salaam, na katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani, ikagawanyika vyama viwili, Marini, ambacho aghalabu kilikuwa cha watu wenye elimu na nasaba za pwani, na Arinoti, ambacho kiliwapokea wa bara na wasio na cheo. Vita vikaikuta huko, vikaitawanya. Kila kambi ilikuwa na wachezaji wake, na askari wa Wadachi waliotekwa waliichezea katika vifungo vyao, mpaka ikawa watu waliofyatuliana bunduki mwaka 1916 wanaweza mwaka 1918 kukutana katika duara moja na kujuana kwa ngoma. Baada ya amani ilienda kila walikokwenda wanajeshi na wapagazi: Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo, na vijiji vya Nairobi.

Yafaa nieleze namna yake, maana wengi wa rika langu wameisikia kwa jina tu. Chama cha beni kilikuwa na vyeo kama vya jeshi na vya serikali: mfalme, gavana, jenerali, kanali, kapteni, sajini, daktari wa kutazama wagonjwa, karani wa kuandika michango, na kwa wanawake malkia na mabibi wa daraja mbalimbali. Siku ya kutoka, ambayo aghalabu ilikuwa sikukuu au arusi ya mwanachama, safu zilijipanga kwa urefu, sare zimepigwa pasi, bunduki za mbao mabegani, na ngoma kuu ikitangulia ikaukamata moyo wa mtaa mzima. Penye shaba palipigwa tarumbeta, pasipokuwa na shaba palipulizwa vibuyu vilivyotobolewa kwa ustadi mpaka vikatoa sauti ile ile. Mkuu akitoa amri, safu zinageuka, zinasimama, zinatoa saluti. Kisha wimbo ukaanza, na katika wimbo ndimo habari ilimokaa: nani alimshinda nani, wapi maji yalikosekana, bwana yupi alikuwa mkali, rafiki yupi alibaki njiani.

Mtu aliyeyabeba masanduku ya risasi kwa miguu miezi mingi, akiitwa kwa namba badala ya jina, akarudi nyumbani bila nishani, alipovaa siku ya beni nguo za kapteni na kuamkiwa kwa saluti, hakuwa akimwiga Mzungu. Alikuwa anatwaa haki yake ya kuwa mmoja wa waliovipigana vita vile. Hata kejeli iliyokuwamo katika mchezo, jenerali anayetembea kwa maringo kupita kiasi, daktari anayempima mgonjwa kwa mti, ilikuwa ushahidi wa macho yaliyowatazama wakubwa kwa karibu. Na chama hakikuishia kwenye mchezo. Mwanachama akifa kilimzika, akiugua kilimlisha, na mgeni aliyeshuka garimoshi akiwa hana mtu mjini, akitaja cheo chake cha beni huko alikotoka, alipata pa kulala. Serikali zilitia shaka umoja huo uliovuka mipaka ya makabila na ya makoloni, na mwaka 1935, wafanyakazi walipogoma katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, baraza la uchunguzi liliitaja beni, huko ikiitwa mbeni, miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha wagomaji.

Watu wa pwani waliohamia Majengo walikuja na hazina nyingine ya kukumbuka vita, nayo ni utenzi. Waislamu walizoea tangu utoto kusikia habari za Badri, vita vya tarehe 17 Ramadhani mwaka wa pili wa Hijra, ambapo watu mia tatu na kumi na tatu walisimama penye visima mbele ya jeshi lililowazidi mara tatu. Walizoea pia habari za Tabuki katika utendi wa Mwengo wa Athumani wa mwaka 1728. Malenga wa Mrima walipowaona Wadachi wakiishika nchi yao walifuata njia hiyo hiyo: Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akaandika utenzi wa vita vya Abushiri, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akaandika wa Maji Maji. Kwa hivyo msikilizaji wa Kiswahili aliyeketi barazani baada ya isha hakuona ajabu kwamba vita husimuliwa kwa sauti, kwa mizani na kina, mbele ya wazee wanaoweza kusahihisha; na mzee aliyetoka Lindi au Kilwa na mguu mbovu aliisimulia habari yake kwa masikio yaliyokwisha fundishwa kusikiliza.

Wanawake wa Majengo walikuwa na lelemama, ngoma yenye vyama, vyeo na mashindano yake, na humo pia mambo ya mtaa yaliwekwa kwa mafumbo makali. Wenye nyumba wale ndio waliolipia karamu nyingi, na bila mifuko yao sidhani kama ngoma za Pumwani zingepata fahari ziliyokuwa nayo.

Katikati ya mtaa lilisimama jumba la ukumbusho, Memorial Hall, lililojengwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliokufa vitani. Humo palichezwa dansi, pakapiganwa ngumi, pakafanywa mikutano. Nao waliorudi kutoka vitani wakiwa hai waliletewa kipande mwaka 1920, cheti cha alama za vidole kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, kisha mishahara yao ikapunguzwa, na Machi 1922 watu wa vijiji vya Nairobi walikuwamo katika umati uliopigwa risasi mbele ya kituo cha polisi ukidai mwanasiasa Harry Thuku afunguliwe. Ndiyo maana sishangai kwamba vizazi vya baadaye vililitumia jumba la wafu wa vita kwa siasa na vyama vya wafanyakazi, wala kwamba mtaa huu ulikuwa mojawapo ya ngome za mgomo mkuu wa Mei 1950, uliozuka baada ya viongozi wa wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh kukamatwa.

Kufikia wakati huo beni ilikuwa imezeeka. Vita vya pili viliwapeleka vijana Habeshi, Madagaska na Burma, nao wakarudi na gitaa: Fundi Konde, aliyekuwa katika kikosi cha kuburudisha askari, ni mmoja wa waliofungua njia hiyo. Vijana wakapenda dansi, wakaona bunduki za mbao ni mambo ya babu zao. Kisha ikaja hali ya hatari, na tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya askari wakauzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa mitaa ya mashariki na kuwapeleka makambini, hasa Manyani na Mackinnon Road. Gwaride barabarani halikuwa tena mchezo wa kumfurahisha mtu.

Mwaka 2021 tume inayoangalia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba si chini ya watu 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Na katika nyaraka ilizozifungua limo shauri la gavana wa Tanganyika la kuyaacha makaburi makubwa ya wapagazi yamezwe na nyika upesi iwezekanavyo. Januari 2025 tume hiyo ilifungua mjini Cape Town ukumbusho wenye majina ya watumishi weusi 1,772 wa Afrika Kusini. Kazi ya namna hiyo kwa Kenya itahitaji madaftari ya serikali, nayo yana mapengo, kwa kuwa mara nyingi karani aliandika jina la kwanza na namba na jina la chifu, basi. Yaliyoimbwa na kusimuliwa Pumwani yalitaja watu kwa majina waliyoitwa na wenzao, kwa mito waliyoivuka na kambi walizozikwa, na wajukuu wa walioyasikia bado wanaishi katika nyumba zile, kati ya msikiti wa Riyadha na Gikomba. Waendewe wao kwanza.