Lugha Ikiwa Shahidi: Maasi ya Merikebu ya Amistad, 1839

Maasi ya watumwa katika Bahari ya Atlantiki huelezwa zaidi kwa habari za silaha na vifo. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba, katika maasi ya Amistad, kazi iliyoanzwa kwa panga ilikamilishwa na lugha.

Mwaka 1839 Waafrika waliotekwa katika nchi iitwayo leo Sierra Leone, wengi wao Wamende, walipakiwa Lomboko na kupelekwa Havana katika meli ya Tecora. Huko José Ruiz alinunua watu wazima 49, na Pedro Montes watoto wanne. Biashara hiyo ilikuwa haramu, kwani mkataba wa 1817 baina ya Hispania na Uingereza ulipiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka Afrika tangu 1820. Basi hila ikawa ya maneno. Mtumwa aliyekuwa mkaazi wa Kuba tangu zamani aliitwa ladino, na kummiliki kulikuwa halali. Aliyeletwa karibuni kutoka Afrika aliitwa bozal. Hati za Havana ziliwataja wote 53 kuwa ladino, kila mmoja kwa jina la Kihispania. Sengbe Pieh akageuzwa José.

Mapema Julai, Amistad ilipokuwa ikiwasafirisha kuelekea sehemu nyingine ya Kuba, Sengbe na wenzake walijifungua, wakashika visu vya kukatia miwa, wakamwua nahodha Ramón Ferrer na mpishi wake. Walimwamuru Montes awarudishe kwao, mashariki. Mchana alitii, usiku aligeukia kaskazini. Tarehe 26 Agosti walikamatwa na chombo cha serikali ya Marekani karibu na Long Island, wakafungwa New Haven, Connecticut.

Ruiz na Montes walisikilizwa mara moja. Waafrika hawakuwa na mkalimani. Ndipo Josiah Gibbs, mwalimu wa lugha katika chuo cha Yale, alipojifunza kwao kuhesabu moja hadi kumi, akazunguka bandarini New York akizitamka hesabu hizo, hata akampata James Covey, baharia aliyejua Kimende na aliyewahi kuokolewa utumwani. Kwa kinywa chake wafungwa walitaja majina yao, miji yao na njia waliyopitishwa. Hati za Havana zikaonekana kuwa za uongo: watu wasiojua Kihispania, na watoto waliozaliwa baada ya 1820 wasemao lugha za Afrika tu, wangekuwaje ladino?

Mahakama ya wilaya ilikubali hoja hiyo Januari 1840. Tarehe 9 Machi 1841, baada ya Roger Baldwin na rais wa zamani John Quincy Adams kuwatetea, Mahakama Kuu ya Marekani iliwatangaza kuwa watu huru. Waliosalia, 35, walifika Sierra Leone Januari 1842.

Yafaa hata hivyo tusiikuze hukumu hiyo. Haikuulaani utumwa wenyewe: Antonio, kijana wa nahodha, aliyekuwa mtumwa wa Kuba kweli, aliamriwa arudishwe kwa warithi wa bwana wake, akajiokoa kwa kutoroka. Lakini bila maasi, hakuna hakimu ambaye angezichunguza hati zile. Na bila Kimende, hakuna ambaye angeweza kuzikanusha. Kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika, orodha ile fupi ya hesabu ni sehemu ya historia ya ukombozi.